Mboga Kwanza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka huu hasira zangu zote zimeishia kwenye sahani ya mke wangu. Anaitwa Asteria, Mama Noela. Madaktari wa Dar es Salaam walimpasua wakampunguza tumbo, wakamwachia kijitumbo kinachojaa kwa chakula cha kikombe cha kahawa. Alikuwa mnene mpaka magoti yakagoma kumbeba, na sukari ilishaanza kumtishia macho. Tulikubaliana wote wawili, na alipoamka salama nililia hadharani bila haya.

Kabla hatujaruhusiwa, mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole aitwaye Salome, alituketisha akatufundisha kama watoto wa chekechea. Nafasi ni ndogo, alisema, kwa hiyo kinachoingia kwanza kiwe na faida. Samaki, yai, nyama laini, maharage yaliyopondwa, maziwa mgando. Hiyo ndiyo protini. Mboga za majani zifuate. Ugali uje mwisho kabisa kama bado kuna nafasi, na mara nyingi haitakuwepo. Asipofanya hivyo, mwili utaanza kula misuli yake wenyewe. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa tu, nikidhani kazi ngumu imeshafanywa na kisu.

Ninauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Rwamgasa. Chumba changu kimepakana na mashine zenyewe na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Si mahali pa mgonjwa. Nikampeleka kwa mama yangu mzazi, Euphrasia, huko Ibadakuli, ambako kuku wanazagaa uani na ng'ombe wa maziwa wapo. Nikarudi machimboni roho yangu imetulia.

Nilikuwa nimesahau nilivyolelewa. Kwetu mboga, iwe nyama, samaki au mlenda, kazi yake ni kusindikiza ugali. Mtoto akichomoa nyama kwenye bakuli kabla ya kumega tonge, anapigwa mkono. Akirudia, anaitwa mlafi mbele ya wageni. Mtu mzima kula mboga tupu ni aibu ya ukoo mzima. Asteria, mzaliwa wa Nyahanga kule Kahama, alipigwa mkono huohuo utotoni. Tena hilo neno mlafi alikuwa ameshalionja ukubwani. Miaka yote ya ndoa yetu mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mkamwana wangu kula anajua," nao wanacheka, na Asteria anacheka pamoja nao, halafu anakuja kulia chumbani.

Kila siku nikawa nampigia simu.

"Umekula nini mchana?"

"Ugali kidogo."

"Na samaki?"

"Nilikuwa nimeshashiba, Baba Noela."

Nilifoka, nikakata simu, nikapiga tena kuomba radhi. Matonge mawili tu na kile kijitumbo kimejaa, samaki anabaki kwenye bakuli analiwa na wengine. Nikiwa mbali hivyo ningefanya nini? Nikanunua Mwanza kopo la unga wa protini, nikalituma kwa basi. Mama akalikoroga lote kwenye sufuria ya uji wa nyumba nzima. Nilipomuuliza alishangaa. Mtu mmoja atakuwaje na uji wake peke yake ndani ya nyumba yenye watu?

Nilipofunga duka kwenda kuwaona, miezi kadhaa baadaye, Asteria alinipokea mlangoni ameshika ukuta. Nywele zilikuwa zimemtoka mpaka ngozi inaonekana. Mashavu yameingia ndani, lakini miguu imevimba, ukiibonyeza shimo linabaki. Nilimpeleka kupima mjini. Daktari akasema protini ya damu imeshuka vibaya sana, na kwamba hata moyo ni msuli, ukiendelea kuliwa utafika mahali utasimama. Alisema hivyo huku akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayemtafunia.

"Twende Rwamgasa," nikamwambia Asteria njiani. "Vumbi nitalizibia na maturubai. Nitakupikia mwenyewe."

"Nikiondoka watasema nimekimbia nikale peke yangu."

"Waseme!"

"Wewe ni mwanaume," alijibu taratibu. "Wewe hawatakusema."

Nyumbani nikamvaa mama. Niliongea kwa sauti ambayo mwana hapaswi kumpandishia mama yake, na sijutii.

"Kwani mimi nimemnyima?" mama akasema. Machozi yalishaanza kumlenga. "Samaki namwekea, mayai namchemshia. Tonge anamega mwenyewe. Sasa mimi nimwambie mtu aache ugali? Mgonjwa atapata wapi nguvu?"

Hapo ndipo nikaona sina mtu wa kugombana naye. Mama hakuwa na ubaya wowote. Nilimweleza upya, polepole, habari ya moyo kuliwa. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi, mwanangu. Kesho nitampikia samaki wake, na ugali sitamwekea. Atakula mbele yangu. Atakayemcheka atanicheka mimi."

Kesho yake alitimiza. Alimpata sato mmoja tu, mdogo. Akamchemsha, akamtoa miba kwa vidole vyake mwenyewe, akaweka minofu kwenye sahani mbele ya Asteria. Sisi wengine tulitengewa ugali na mlenda. Binti yetu Noela akaitazama ile sahani, bibi yake akamkata jicho. Asteria akanawa. Mkono ukanyooka, ukagusa mnofu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa mjomba Mihayo, kaka yake mama. Ameshuka kwenye baiskeli, jasho linamtoka, hakutoa taarifa kwa sababu kwa dada yake mtu hatoi taarifa. Tukainuka, shikamoo mjomba, marahaba wanangu, karibu, karibu sana, umetukuta tunakula. Mama akaniangalia. Mgeni, mkubwa wa ukoo, atakula mlenda na samaki yupo? Asteria ndiye aliyeinuka, akajishika kwenye kiti, akaichukua ile sahani kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mjomba.

"Karibu mboga, mjomba."

"Wabeja sana, mayu," mjomba akamshukuru kwa lugha ya kwetu, akimwita mama, na kumega tonge.

"Mjomba, usile!" nikasema. "Huyo samaki ni dawa ya mke wangu. Asipomla atakufa."

Mjomba akaurudisha mkono, akaisukuma sahani taratibu, uso umemshuka kwa fedheha. Nilidhani nimeshinda. Lakini Asteria alikuwa bado amepiga goti, na sasa machozi yanamdondoka mpaka kwenye kanga.

"Msimsikilize, mjomba. Anatania. Mimi nimeshashiba tangu zamani. Kula, nakuomba, usinitie aibu."

Alimwomba hivyo mara nyingi, kwa sauti ambayo hata siku ya upasuaji sikuisikia, mpaka mzee akaona huruma. Akala. Alikula kwa kumridhisha yeye, na mimi nikakaa pale nikihesabu minofu inavyoisha, maana mtu hampokonyi mjomba chakula kinywani.

Asteria akarudi kwenye mkeka. Akamega tonge dogo la ugali, akachovya kwenye mlenda, akatafuna kwa muda mrefu kama alivyoelekezwa na Salome. Akamega la pili. Kisha akaweka mkono kifuani kuonyesha amefika mwisho.

Mama alikuwa akimtazama. Ahadi yake ya jana ilikuwa imeshamtoka kichwani. Akamgeukia kaka yake kwa fahari.

"Umemwona mkamwana wangu? Sahani yake ametoa yote. Huyu hana ulafi hata chembe."

Asteria akainua uso. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu atoke hospitali, na sasa alitabasamu kama bibi harusi, meno yote nje, ngozi imembana mifupa ya uso.

"Asante, mama," akasema.