Kioo Kilichotazama Dari

Mwaka 1972 kijiji chetu cha ujamaa, jirani na shamba la mkonge nje kidogo ya Kilosa, kilikuwa na majembe, trekta moja bovu, na gari la kifahari. Gari hilo aliliacha meneja Mgiriki shamba lilipotaifishwa. Lilikuwa jeusi, viti vya ngozi nyekundu, na dashibodi ya mbao inayong'aa hata watu walikuja kujitazama meno. Kamati ya kijiji ikanikabidhi mimi, Beda, fundi wa mashine za mkonge, nilitunze kwa ajili ya wagonjwa. Sitaficha kitu: nilipokuwa nalisafisha ndani, nilikuwa navua viatu.

Tatizo lilikuwa taa. Kwenye dashibodi palikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama, inayowaka chaji ikipungua. Ilianza kunikonyeza mwezi wa kwanza, na haikuacha. Nikafungua dainamo, mtambo unaochaji betri, nikakuta kaboni zimekwisha. Za kununua hazikuwepo, hivyo nikavunja betri za tochi, nikatoa vijiti vyeusi vya katikati, nikavisugua kwa msasa mpaka vikaingia. Taa ikazima siku mbili, ikarudi. Nikabadilisha waya, ikarudi. Nikakaza mkanda wa feni, ule unaozungusha dainamo na pampu ya maji, mpaka nafasi ya kukazia ikaisha. Mkanda wenyewe ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mkulima, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba taa ndiyo mwongo. Mke wangu Verdiana aliponiuliza kwa mara ya kumi taa ile inasema nini, nilipandwa na hasira nikaibandika plasta. Fundi mzima.

Wakati huo mama yake Verdiana, Mama Anastazia, alikuwa anapoteza macho. Ukungu ulianzia jicho la kushoto ukahamia la kulia, akabaki anatambua mwanga na kivuli tu. Tukasikia kuna daktari wa macho amefika zahanati ya misheni Mikumi, anapasua watu wanaona, na mgonjwa wa mwisho atapokelewa Jumamosi saa nane mchana. Baada ya hapo anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Jumamosi asubuhi tukaanza safari.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na maneno yao hupitia kwa mke. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemwoa binti yake, na nilichokijua kwake ni pindo la khanga. Kwa hiyo alipoketi kiti cha nyuma, nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Yeye akaanza kusokota kamba. Alikuwa amefanya kazi mkongeni miaka thelathini, na popote alipokwenda alibeba fungu la singa, nyuzi za mkonge, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure.

Tulipokaribia Kisanga nikasikia kitu kimepiga boneti kwa ndani. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatufunika. Nikabandua plasta. Taa ilikuwa inawaka nyekundu, imetulia, na sijui ilianza saa ngapi. Nilifungua boneti nikaona mkanda umekatika vipande viwili, na rejeta limemwaga karibu maji yote. Ilikuwa saa tano na nusu. Niliona aibu kiasi cha kutamani Verdiana anitukane. Alichukua debe akateremka kutafuta maji mtoni.

Tukabaki wawili. Nilisimama nimempa mgongo mama mkwe wangu, nikitazama barabara tupu. Nyuma yangu mlango ukafunguka. Sauti niliyozoea kuisikia kwa mbali ikasema, kana kwamba inazungumza na gari:

"Kilichokatika kiwekwe mahali nikishike."

Niliweka vile vipande juu ya madigadi, nikasogea hatua tano. Alivipapasa polepole, akaviunganisha, akapima urefu kwa shubiri, akapitisha kidole gumba upande wa ndani pale unapokuwa mwembamba. Kisha akauliza, bado akiliuliza gari, kama kitu hiki huzunguka peke yake au hupita kwenye mfereji. Nikalijibu gari kwamba hupita kwenye mifereji ya magurudumu matatu madogo ya injini, na kwamba kamba haitafaa, maana fundo litaruka.

"Nani kasema fundo?"

Aliketi chini. Alichukua kamba aliyokuwa akiisokota tangu Kilosa, akafumua nyuzi zake tatu, akachukua uzi mmoja mrefu akauzungusha duara. Akauzungusha tena juu ya mzunguko wa kwanza, na mara ya tatu, kila mzunguko ukilala katika mkunjo wa mwenzake. Ncha mbili alizifumua akazipeleka ndani ya kamba zikapotea. Nilikuwa nimesahau desturi. Nilikuwa nimegeuka namtazama mikono, nimeacha mdomo wazi. Nimefungua mashine zilizotoka kwa wazungu, nimesoma vitabu vyao kwa shida, lakini sijawahi kuona kazi kama ile, na aliyeifanya haoni. Aliposimama aliweka juu ya madigadi duara la kamba lisilo na mwanzo wala mwisho. Nililizungusha vidoleni mara nne nikitafuta mahali lilipoungwa, sikupapata.

"Lilowekwe," akasema. "Mkonge ukilowa hujikaza."

Verdiana alirudi na debe, akatukuta hivyo, akalitua. Nikalegeza dainamo, nikavisha mkanda, nikakaza, nikalowesha, nikajaza rejeta. Nilipowasha, taa ilitoa wekundu wake. Kisha ikazima. Nilingoja ikonyeze kama kawaida yake, haikukonyeza.

"Imezimika?" akauliza kutoka nyuma.

"Imezimika, mama," nikajibu mwenyewe, kabla Verdiana hajafungua mdomo.

Tuliingia zahanati saa saba na dakika arobaini; mama akapokelewa, Verdiana akabaki kumuuguza.

Nilikwenda kuwachukua baada ya siku kumi na mbili, kwa mkanda uleule. Mama Anastazia alitoka akiwa na miwani minene kama vioo vya taa ya karabai, anagusa ukuta anaoweza kuuona. Aliketi kiti cha nyuma. Nikashika funguo.

"Baba," akaniita, mimi, si gari wala binti yake. "Nilisikia siku ile ulivyokigeuza kioo. Kirudishe. Nataka nimwone niliyemsokotea."

Nilimtazama Verdiana, naye akatazama nje. Nikakishusha kioo taratibu, dari ikapita, mlango ukapita, halafu macho mawili makubwa nyuma ya miwani yakawa yananitazama, yamejaa machozi. Sikushusha yangu. Taa nyekundu iliwaka, ikazima, nikaondoa gari.