Mstari Mfupi

Sitawasingizia wanafunzi. Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na kiburi cha mtu aliyefundisha siasa miaka kumi na tisa akadhani anajua kila kitu.

Jumatatu hiyo darasa langu la mwaka wa kwanza, kwenye kampasi yetu ya Homa Bay, lilikuwa limchague class rep, mwakilishi wao. Wagombea walikuwa wawili. Oliver, kijana wa Rangwe hapo jirani, Mjaluo kama wengi wao, mcheshi, kila mtu rafiki yake. Na Mulki, Msomali ambaye baba yake anauza vitambaa Migori mjini. Mulki alisoma kila nilichowapa, kisha akaja kunibishia, na nilimpenda kwa hilo. Alikuwa ameniambia ofisini, "Madam, nataka tu kujua kama hii class ni yangu pia. Nikishindwa kwa haki, ni sawa."

Tulikuwa tumefika kwenye mlolongo, ule uchaguzi wa 1988 ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na sehemu kadhaa mstari mfupi ukatangazwa mshindi mchana kweupe. Baba yangu alisimama kwenye mstari mrefu. Alikufa bado ana hasira. Lakini Ijumaa watoto hawa walikuwa wakipiga miayo. Nikaona dawa yao ninayo.

"Wekeni karatasi kando," nikasema. "Leo ni mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake."

Viti vikasukumwa. "Oliver wuodwa, kijana wetu!" mmoja akapaza sauti, na mstari ukarefuka hadi mlangoni. Nyuma ya Mulki alisimama Mellen peke yake, anayeishi naye chumba kimoja.

"Mellen, unatuangusha bana! Kuja huku!"

Mellen akacheka kwa aibu, akavuka. Mulki hakugeuka kumtazama.

Hapo ndipo ningekoma. Lakini nilikuwa na somo langu, nimelipanga tangu Ijumaa. Nikauinua mkono wa Mulki na kutangaza kwa sauti ya chifu wa enzi hizo: "Mshindi ni Mulki!"

Darasa likaangua kicheko. Wengine wakapiga meza: "Wizi! Wizi!" Ndivyo nilivyotaka, eti waonje dhuluma. Mulki akauchomoa mkono wake.

"Madam," alisema polepole, "kwa hivyo mfano wa wizi ni mimi?"

Akachukua begi lake akatoka.

Kwa haya tupu, nikawagawia karatasi wapige kura ya siri, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilizihesabu mbele yao. Oliver kumi na saba. Mulki ishirini na tatu. Nikarudia kuhesabu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Oliver mwenyewe alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nilimkuta Mulki kwenye ngazi za maktaba, fomu ya kuhamia kozi ya biashara ikiwa magotini. Nilimwomba msamaha, na ulitoka moyoni. Kisha, mjinga mimi, nikampa habari kwa furaha, nikimwita kama ninavyowaita wanangu: "Umeshinda kweli, nyathina. Kura ishirini na tatu!"

Aliitazama ile fomu, bado haina sahihi.

"Ishirini na tatu," akasema. "Na nikiwa nimesimama pale, Madam, walikuwa wapi?"

Kisha akaniomba kalamu. Nilimpa.