Siku Nne za Zege

Mkandarasi aliingia nyuma ya mchungaji, kofia mkononi, amevaa uso wa msibani. Mjane wa Timazi alikuwa akiunga kola ya joho la kwaya. Hakusimama. Aliwaonyesha benchi la wateja kwa kidevu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, ni jina ambalo waashi wenzake walimpa mumewe, kwa vile alipima ukuta hadi wenye nyumba wakachoka naye. Mwezi wa tatu zege la ghorofa ya kwanza lilimwangukia yeye na vibarua wawili. Mbao za kulishikilia zilitolewa siku ya nne, nalo lilihitaji wiki tatu kukauka. Kesi ingesikilizwa Jumanne iliyofuata. Mkandarasi alishawaambia polisi kwamba Timazi alizitoa kwa kichwa chake mwenyewe.

"Shemeji, pole na kazi," mkandarasi akasema.

"Nimeshapoa."

Mchungaji alikunjua karatasi juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. "Mama, ndugu yetu ametubu. Amelia ofisini kwangu kama mtoto. Kilichobaki ni wewe kumsamehe. Hapa unaandika tu kwamba huna ushahidi wa kutoa."

"Ametubu nini, Mchungaji?"

"Dhambi zake."

"Ipi?"

Mchungaji alimtazama mkandarasi. Mkandarasi akatazama kofia yake.

"Shemeji, mimi ni binadamu," akasema. "Na simu ile tunajua aliipokea nani. Wakili atakuuliza mbele za watu, mama mkwe wako akisikia. Nisitiri, nami nikusitiri."

Mguu ukaacha kukanyaga.

Simu hiyo ya mkandarasi aliipokea yeye. Mumewe alikuwa bafuni, sabuni kichwani. "Mwambie mbao zitoke leo, nazitaka kwingine. Siku nne zinatosha. Akikataa, kesho asije." Alimfikishia pale pale mlangoni mwa bafu. Timazi akasema zege bado bichi. Naye, amechoka kusikia habari za zege, akamjibu, "Na wewe kila kitu unapima! Toa, tusije tukakosa kazi." Jibu hilo hakuna mtu mwingine aliyelijua.

"Nilishakusamehe," alimwambia mkandarasi. "Juzi, hapo hapo ulipokaa. Nilipiga magoti nikasema, Bwana, simtaki afe, simtaki hata augue. Jasho lilinitoka. Lakini Jumanne nakwenda."

"Kama umesamehe, unakwenda kufanya nini?" mchungaji akauliza.

"Kusema nani aliamuru, na nani alipeleka maneno. Marehemu anaitwa mzembe, naye hawezi kujitetea. Hilo siwezi kulisamehe kwa niaba yake."

"Huo ni uchungu, mama. Si msamaha."

"Uchungu upo. Sikusema umeondoka."

Mchungaji alikunja karatasi yake taratibu. "Basi Jumapili usije mezani pa Bwana na kinyongo. Utakaa benchi la nyuma mpaka mpatane."

Benchi hilo kila muumini alilijua. Mwaka jana alikalishwa msichana aliyepata mimba, miezi sita, peke yake.

"Na yeye atakaa wapi?"

"Yeye ametubu."

Akacheka kicheko kikavu. "Haya. Nipisheni nimalize kola, kwaya isije ikaimba shingo wazi."

Jumapili alikaa nyuma. Majoho aliyoyashona yalipendeza. Mkandarasi alipita wa tatu kuchukua mkate, akarudi ameinamisha kichwa, na kina mama wawili wakampisha kwa heshima.

Ndipo mama mkwe akainuka kule mbele. Alitembea na fimbo yake katikati ya kanisa zima, mchungaji akimtazama, akafika benchi la nyuma.

"Sogea, mwanangu," alisema, wala hakunong'ona. "Wakikuweka nyuma wewe, wamemweka na mwanangu."

Akakaa, akamshika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mkavu, wa moto. Mjane alitamani asiseme kitu, abaki ameshikwa hivyo hadi Jumanne. Lakini Jumanne bibi angesikia habari ya simu kwa wakili.

"Mama," akanong'ona, "ile simu ya kutoa mbao niliipokea mimi. Mwanao alikataa. Mimi ndiye niliyemwambia atoe."

Kwaya iliimba ubeti mzima. Mkono wa bibi ukaachia, ukarudi kwenye fimbo. Hakumtazama.

Wala hakuinuka.