Siku Ngazi Kuu Ilipong'olewa

Asubuhi mafundi walipokuja kuing'oa ngazi kuu ya Jumba la Wexcote, mama mkwe wangu, Honoria Thackwell, alivaa gauni lake la hariri nyeusi, akajifungia chumbani kwake ghorofani, akasema hashuki ng'o.

Si kwamba hakuambiwa mapema. Paa lilikuwa limeoza. Kwetu Shropshire mvua haina msimu, na kila iliponyesha tulitandaza ndoo na mabakuli huko juu hadi tukakosa pa kukanyaga. Boriti mbili zilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Mume wangu, Lionel, alikuwa amerudi kutoka vitani na mguu mbovu, akakuta baba yake kazikwa na nyumba inamngoja yeye aiponye. Ndipo akatokea tajiri mmoja wa Marekani aliyekuwa akijijengea jumba kwa vipande vya majumba ya wenzake. Aliipenda ngazi yetu: ya mwaloni mweusi, pana ya kutosha watu wanne kushuka bega kwa bega, na juu ya kila nguzo mbwa wa kuchongwa aliyelaza masikio. Lionel alichagua paa. Hata mimi ningechagua paa.

"Umeuza ngazi niliyoshukia nikiwa bi harusi," mama yake alimwambia.

"Mama, ngazi haizuii mvua."

"Na paa halimpandishi mtu kitandani!"

Mimi hakuniambia neno. Nilikuwa binti wa kasisi wa kijijini, na aliamini kuwa mtu aliyekulia nyumba ndogo hawezi kujua nyumba ni nini.

Jioni ngazi ilikuwa imelazwa juu ya majani makavu ndani ya mikokoteni. Ukumbini ilibaki alama yake ukutani, nyeupe, ikipanda kidato kwa kidato hadi kwenye mlango wa ghorofani ambao sasa haukuwa na njia. Njia pekee iliyosalia ilikuwa ngazi ya watumishi, nyuma ya mlango uliofunikwa kitambaa cha kijani, uliotenga upande wa watumishi na wetu. Tangu aolewe, Mama hakuwa ameufungua mlango ule hata mara moja.

"Mama!" Lionel aliita kutoka chini. "Nyama inapoa!"

"Kuleni!"

Tukala. Chakula chake kikapandishwa na Dorcas Pugh, mtumishi wake, aliyeingia nyumba ile akiwa msichana na sasa nywele zimekuwa mvi. Ikawa hivyo hadi Jumapili, kengele za kanisa zilipoanza kulia. Mama hakuwahi kukosa ibada. Nilipanda nikamkuta amekaa kitandani, kofia kichwani, glavu mkononi, na Dorcas amesimama mlangoni.

"Bibi Mkubwa, Mungu hataangalia umeshukia wapi," Dorcas alisema.

"Ataangalia. Yeye ndiye aliyetenga milango."

Lakini aliinuka.

Ngazi ile ilijipinda ndani ya ukuta kama utumbo wa kondoo. Vidato vilikuwa vimelika katikati, hakuna kilicholingana na mwenzake, na badala ya ubao wa kushikilia palikuwa na kamba. Dorcas alitangulia na mshumaa, Mama akamshika bega, mimi nikafuata nyuma nimeshikilia pindo la gauni. Upepo ukauzima mshumaa. Kwenye kona Mama alikosa kidato, akakaa chini kwa kishindo.

"Umeumia, Mama?"

"Hebu nyamaza, Hester." Alihema kidogo. "Dorcas, hapa mtu haoni kitu."

"Haoni, Bibi Mkubwa."

"Na maji yangu ya kuoga, ulikuwa ukiyapitisha wapi?"

"Hapa hapa."

"Ya moto?"

"Kwani ya baridi ungeyakubali?"

Nikauma mdomo. Hakuna aliyethubutu kumjibu hivyo. Mama akasema taratibu gizani, "Mwaka ule mkono wako ulipofungwa bendeji, uliniambia ni birika."

"Lilikuwa birika, Bibi Mkubwa. Tulianguka pamoja."

Nilisikia glavu yake ikipapasa mawe. Akaniuliza ukuta ule uko upande gani wa nyumba. Nikamwambia upande wa mbele, kushoto kwa mlango mkuu.

"Kushoto kwa mlango kuna dirisha," akasema.

Lilikuwepo, ila la kuchorwa. Babu wa mume wake alipoujenga upya uso wa nyumba alitaka kushoto kufanane na kulia, kwa hiyo palipopita ngazi ya watumishi aliweka fremu ya mawe, akachorewa vioo kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ukiwa bustanini usingejua.

"Nilijua limechorwa," Mama alisema. "Sikuwahi kuuliza limeficha nini."

Kanisani tulifika wimbo wa kwanza umekwisha. Mezani, kabla hata nyama haijakatwa, alimwambia Lionel amwite mwashi atoboe dirisha lile.

"Mama, fedha ni za paa."

"Basi uza pete yangu."

"Na babu aliutaka ukuta ule uwe—"

"Babu hakubeba maji."

Lionel alinitazama mimi, nikaitazama sahani yangu. Mwashi alikuja, na pete haikuuzwa. Paa lilimalizwa kwa vigae vya bei nafuu kidogo upande wa zizi. Siku mwanga ulipoingia mle ndani tuliona ukuta umeng'aa kwa urefu wa bega, kwa jinsi watu walivyouegemea vizazi na vizazi.

"Angalia uchafu huu wote," Dorcas alinung'unika. "Nilikuwa nimestarehe sijauona. Sasa nitafagia mpaka nife."

Mama hakumsamehe Lionel. Hadi kufa kwake, mtu akiitaja Marekani yeye alisema, "Huko ndiko ngazi yangu iliko." Lakini alishuka kila siku kwa njia ile, polepole, akilalamikia magoti. Na mara moja, wakati wa maua ya matofaa, nilimwona amesimama chini kwenye kidato cha kwanza, mkono kwenye kamba, bila kupanda. Nikamuuliza kama amechoka.

"Hapana," akaninong'oneza. "Dorcas yuko dirishani, ameweka ndoo ya makaa chini, anatazama nje. Mwache amalize."

Tukasimama sote wawili, tukangoja.