Ndiyo ya Adabu

Nimelea watoto watatu na sijawahi kumpiga hata mmoja, lakini Jumapili ile mkono uliniwasha.

Mke wa mwanangu mdogo si wa lugha yetu. Mumewe ni dereva wa malori, muda mwingi yuko njiani, kwa hiyo nyumbani tunabaki wawili: yeye kwenye cherehani chumba cha mbele anashona sare za shule, mimi nambandikia vifungo. Kiswahili alijifunza kwa simu. Huko kwenye simu watu ni wastaarabu, mmoja anauliza, anangoja, mwenzake anajibu. Hata habari za redioni anazifuata kunishinda mimi. Lakini wakikaa mezani wale wanangu wawili wakubwa, basi tena! Huyu hajamaliza, yule kashadakia, neno linaliwa nusu, katikati vicheko, halafu mwishoni, "Au siyo, shemeji?" Naye anatabasamu, "Ndiyo." Kwao alikotoka, kumkatisha mtu ni utovu wa adabu, na tena kachoka kuonekana mjinga.

Siku hiyo nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikamsikia mwanangu mkubwa, fundi simu, anamwaga maneno kama bomba lililopasuka, na dada yake, tunayemwita Chiriku, anachombeza. Nikatoka na sufuria mkononi.

"Mama, tumeshamaliza," mkubwa akasema. "Shemeji kakubali. Kesho naleta meza zangu chumba cha mbele, cherehani yake inaingia stoo."

"Stoo haina dirisha. Atashona kwa kupapasa?"

"Kakubali mwenyewe! Muulize Chiriku."

"Kasema ndiyo, Mama, tena anacheka," Chiriku akadakia.

Nikamgeukia mkwe wangu. Tabasamu lilikuwa linamtoka taratibu. "Mama," akauliza, "nini kinaingia stoo?"

Damu ikanipanda kichwani. "Hamna haya nyinyi! Mnamvizia mtu kwa maneno ya mbio, kisha mnaita makubaliano?"

"Anajifanya tu, Mama. Mbona redio anaielewa?"

"Redio haikitaki chumba chake!"

Nikafungua kinywa nimweleze mkwe wangu yote, moja baada ya jingine. Akanishika mkono. "Acha, Mama. Aseme yeye." Akamkazia macho shemeji yake. "Shemeji, sijaelewa. Rudia."

Akarudia kwa mbio zilezile, na mzaha juu yake.

"Sijaelewa. Rudia."

"Ebo! Leo kawa mwalimu," Chiriku akacheka. Alicheka peke yake.

Kaka yake akarudia, na mara hii mzaha haukuwemo. Yalibaki mambo ya kusaidiana, sisi ni familia, ni kwa muda tu.

"Rudia."

Mwanangu akajifuta shingo. Kusaidiana nako kukaanguka, familia ikaanguka. "Nataka chumba chako," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Biashara yangu inahitaji mlango wa barabarani."

"Sasa nimeelewa. Hapana."

"Mama, unaona anavyonidharau?"

"Ninachoona ni wewe, baba mzima, na ndevu zako! Toka, kabla sufuria hii haijakufuata!"

Akatoka, kauacha mlango wazi makusudi.

Siku ya pili akamtuma Chiriku. Akaja akasimama mbele ya cherehani, akaanza kuongea kwa kuvuta, kama anamlisha mtoto uji. "Wi-fi, ka-ka a-na-se-ma hu-ku-m-he-shi-mu. U-m-wo-mbe ra-dhi."

"Ongea kama unavyoongea siku zote!" nikamfokea. "Akishindwa atakuuliza."

Chiriku akanisonya, mimi mama yake mzazi. Mkwe wangu hakuinua hata kichwa, mguu uko kwenye pedali, kitambaa kinapita. "Wifi, mwambie aje mwenyewe," akasema. "Nitamwambia tena hapana. Na mlango, ukitoka, ufunge."