Ndiyo Niliyomwambia Reinhold

Nimekuwa karani wa Kijiji cha Hallum kwa miaka kumi na tisa. Katika muda huo nimerudisha kura za posta zilizokosa sahihi, nimemnyima shemeji yangu mwenyewe kibali cha mbwa kwa sababu hakuleta cheti cha chanjo, na hapa kwetu Wisconsin watu walizoea kusema kwamba ukitaka kujua koma inakaa wapi, muulize Arlys Tollefsrud. Nilikuwa najifanya siisikii sifa hiyo. Niliisikia, na niliipenda kuliko ilivyostahili.

Majira yale ya baridi bodi ya kijiji iliamua kuwauliza wakazi juu ya bwawa la kinu. Ukuta wake umepita miaka mia. Jimbo lilikuwa limeshatuandikia barua mbili kwamba umechoka. Nusu ya watu walitaka mto uachiwe upite, na nusu hawakuweza kuiwazia Hallum bila maji yale wanayovulia samaki barafu ikishika. Swali lingewekwa kwenye karatasi za uchaguzi wa Aprili. Lilikuwa la ushauri tu, maana yake bodi ingesikia watu wanasemaje, halafu iamue yenyewe. Lakini mwenyekiti wetu, Duane Skaar, alishatamka mbele za watu kwamba watakalosema wengi ndilo atakalofuata.

Mwanasheria wa kijiji akaliandika hivi: "Je, Bodi ya Kijiji cha Hallum iache mpango wa kuubomoa ukuta wa bwawa la kinu?" Anayejibu ndiyo anataka ukuta ubaki. Anayejibu hapana anataka ubomolewe.

Kwenye mkutano wa Februari alisimama Colette Prochnow, mwenye saluni pale njia panda.

"Swali hili limekaa kinyumenyume," akasema. "Mtu anayelipenda bwawa, kichwani mwake anasema hapana, msibomoe. Nyinyi mnamtaka aseme ndiyo. Wazee watapotea hapa."

"Anayejua kusoma hatapotea," nikamjibu.

Watu wakacheka. Colette akaketi, uso umemwiva. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba hoja ilitolewa na ikajibiwa.

Kazi ya kuwaeleza watu swali ni ya karani. Haruhusiwi kuegemea upande wowote. Anasema tu ukijibu hivi umeomba hivi. Nilichapa maelezo, nikazunguka nayo. Siku kumi na tatu kabla ya kura ilikuwa zamu ya wazee, ambao kila Jumatano hula pamoja chakula cha mchana kwenye ukumbi chini ya kanisa la Kilutheri. Verna, anayesimamia jiko, alikuwa ameoka tambi na nyama ya kusaga. Niligawa karatasi, moja kwa kila sahani, nikasoma polepole, nikauliza kama kuna swali.

Reinhold Prochnow, baba yake Colette, alinyosha mkono. Alikuwa na miaka themanini na minne. Babu yake ndiye aliyesaga nafaka kwenye kinu kile, na yeye mwenyewe alijifunza kuogelea pale pale ukutani. Masikio yake yalikuwa mabovu, na kila mkutano aliuliza jambo lile lile mara mbili.

"Hebu nirudie nione kama nimeelewa," akasema. Akauliza. Nikamweleza. Akauliza tena, nikamweleza tena, sasa kwa sauti ya juu. Mezani wakaanza kutabasamu. Kahawa yangu ilikuwa inapoa.

"Kwa hiyo," akasema mara ya tatu, "mimi ambaye sitaki wabomoe, naweka alama kwenye hapana. Si ndivyo?"

Sikuwa namsikiliza tena. Nilishageuka, nikamkonyeza Verna, naye akazuia kicheko kwa kitambaa cha sahani. Halafu nikamwitikia Reinhold kama unavyomwitikia mtoto anayekuvuta sketi.

"Ndiyo, Reinhold. Ndiyo, ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akachukua kalamu.

Walipoondoka nilibaki kukusanya karatasi. Mahali alipokaa Reinhold ilikuwepo yake. Alikuwa amezungushia duara neno hapana, na pembeni ameandika kwa mwandiko wa kutetemeka: bwawa libaki. Nikaangalia ya jirani yake. Ilikuwa vile vile. Jumla nikapata nne, wote wa meza ile, wamezungushia hapana na kuandika au kuchora kitu cha kuonyesha kwamba wanalitaka bwawa. Mmoja alikuwa amechora samaki.

Nje magari yalikuwa bado yananguruma yakipasha joto. Ningeweza kupanda ngazi tisa na kupunga mkono. Nilizikunja zile karatasi, nikazitia mkobani.

Kwa nini sikupanda? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo kiasi kwamba naona haya kulitaja. Ningemwambia Reinhold nimekosea, jioni ile ile Colette angejua. Na Colette ndiye niliyemfanya achekwe na watu mwezi mmoja nyuma. Basi.

Siku ya pili yake nilichapa tangazo jipya kwa herufi nene: NDIYO, ukuta ubaki, HAPANA, ukuta ubomolewe. Nikalibandika mlangoni pa ofisi, kituo cha taka na kituo cha mafuta, pahali patatu kama sheria inavyotaka. Sikumpigia mtu simu. Na nilikuwa na utetezi wangu umeiva moyoni, kama nitaulizwa: mimi nilimwambia Reinhold ndiyo. Jibu la kuliokoa bwawa ni ndiyo. Nani angenikamata kwa hilo?

Siku ya uchaguzi theluji ya majimaji ilikuwa inaanguka. Reinhold aliingia kabla ya saa nne asubuhi, amevaa kofia yake ya masikio, akataja jina na anwani ingawa namjua tangu nilipokuwa na meno ya utoto.

"Leo tunaliokoa bwawa, Arlys," akaninong'oneza, kwa mnong'ono wa kiziwi, ambao chumba kizima kinausikia.

Ndani ya chumba cha kura karani hasemi neno juu ya swali. Lakini kumwambia mtu asome kwanza maelezo yaliyobandikwa ukutani si kosa. Niliwaambia hivyo wengine zaidi ya kumi asubuhi ile.

"Kibanda cha pili kiko wazi, Reinhold," nikamwambia.

Ndiyo zilikuwa kura mia mbili na tisa. Hapana, mia mbili na kumi na nne. Tatu tu zingegeuka, bwawa lingeshinda. Mimi nilikuwa na karatasi nne mkobani.

Niliyasoma matokeo kwa sauti isiyotetemeka, nikatia sahihi.

Wiki tatu zilipita. Nilijiambia kwamba watu wamezoea. Kisha asubuhi moja Colette akaingia ofisini, akavua glavu, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nataka fomu ya kubadili anwani ya mpiga kura," akasema. "Ya baba. Anahamia kwenye ile nyumba ya wazee mjini."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ni kichwa." Akatazama mikono yake. "Baada ya uchaguzi alisoma gazetini maelezo ya lile swali. Akaniambia, Colette, nimepiga kura ya kubomoa bwawa. Nikamwambia baba, ni makosa, watu wengi wamechanganyikiwa. Akasema hapana, Arlys alinieleza mara tatu, tena vizuri, ni mimi nimegeuza. Tangu siku hiyo hajiamini kwa lolote. Anazima jiko halafu anarudi kulitazama mara tano. Wiki iliyopita amenipa funguo za gari kwa mkono wake. Miaka miwili namwomba aache kuendesha, tunagombana, halafu anakuja kunipa mwenyewe, kimya. Niliingia chooni nikalia."

Nilifungua droo, nikatoa fomu.

"Na wewe nilikukosea Februari," Colette akasema. "Nilikusumbua mbele ya watu kwa swali ambalo lilikuwa halina shida. Shida ilikuwa nyumbani kwangu na sikuiona. Nisamehe."

Ndugu msomaji, nilikuwa na nafasi pale, ameniwekea mkononi. Nilimwambia, "Usijali." Nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Hata chakula hakikupita siku hiyo. Kesho yake nilifunga ofisi, nikaendesha hadi kwa Reinhold. Masanduku yalikuwa yamepangwa sebuleni, yameandikwa kwa kalamu nene: jikoni, picha, kutupa. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti kizuri, akaniomba radhi kwa fujo. Nikazitoa zile karatasi nne, nikaziweka mbele yake, nikasema yote kwa sauti ya juu ili nisilazimike kurudia. Kwamba aliuliza kama ni hapana, nami nikamkubalia. Kwamba nilijua siku ile ile. Kwamba alipokuja kupiga kura nilijua, na nikanyamaza.

Alivaa miwani. Akaichukua karatasi yake, akaisoma.

"Kwa hiyo sikukosea," akasema.

"Hukukosea. Ulifanya nilichokwambia."

"Nilidhani nimeanza kuwa kama kaka yangu. Yeye mwishoni alikuwa anavaa viatu vya mkewe." Akaiweka karatasi chini. "Colette jana alikuja kwako kuchukua fomu."

"Ndiyo."

"Ukampa."

"Nilimpa."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Bwawa wangelibomoa mwaka huu au mwaka ujao, mimi si mjinga, ule ukuta nimeupiga viraka mwenyewe. Lakini wiki tatu, Arlys. Nakaa hapa nakagua akili yangu kama mtu anayekagua paa linalovuja. Nawe uko maili mbili kutoka hapa."

Nikaanza kuzikusanya zile karatasi.

"Halafu jambo moja," akasema. "Masikio yangu ndiyo mabovu. Macho hayana shida. Siku ile ukumbini nilikuona ukimkonyeza Verna. Nilifikiri, ah, nimeshakuwa kichekesho, acha ninyamaze nisiwachoshe watu. Ndiyo maana sikuuliza mara ya nne."

Nilikuja tayari kukiri kosa la kutosikiliza na kosa la kunyamaza. Hili sikulitegemea. Nilitazama zulia lake, na mpaka leo naweza kukuelezea maua yake.

"Unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Mwambie Colette, leo, kabla hujaenda kwako. Halafu Jumatano njoo uwaambie wale, pale pale ukumbini. Sitaki barua. Sitaki tangazo la kubandika mlangoni."

Colette alinisikiliza akiwa na mkasi mkononi na mteja kitini. Hakupaza sauti. Aliniambia nitoke, kisha akanifuata hadi kwenye gari na kuniambia kwamba ombi la msamaha alilonipa jana anataka alichukue. Nikamwambia ni haki yake.

Jumatano nilisimama mbele ya wazee thelathini na kitu. Nilisema yote, nikataja hata kule kukonyeza. Verna aliacha kumimina kahawa, akarudi jikoni, na mlango wa kusukuma ukabaki ukipepea nyuma yake. Bibi mmoja wa meza ya Reinhold akasema, "Basi na mimi niliweka hapana. Nilikuwa simwambii mtu." Mwingine akasema hata yeye. Wote walikuwa wamekaa nalo peke yao, kila mtu akidhani uzee umemshika shingo. Reinhold alikula keki yake ya limau bila kunitazama.

Mkutano wa bodi wa Mei nilisoma taarifa hiyo hiyo, iingie kwenye kumbukumbu, nikaweka na barua ya kujiuzulu. Duane aliipindua barua juu chini kama anayetafuta kilichoandikwa nyuma.

"Nani mwingine ataifanya kazi hii?" akawauliza watu. Hakuna aliyenyosha mkono. Mtu wa nyuma akachekacheka. "Basi kaa, Arlys. Tumekusikia."

Kisha bodi ikapiga kura, wawili kwa mmoja, kuendelea na mpango. Duane alisema ushauri aliopewa sasa anaona hauaminiki, lakini barua za jimbo zinaaminika, na msimu wa ujenzi hausubiri. Septemba mashine zikaja. Siku waliyouvunja ukuta watu walileta viti vya kukunja wakaketi kando wakitazama. Mimi nilibaki ofisini. Maji yalipoisha, chini palikuwa na matope, matairi, na gogo la lango la kinu ambalo Colette aliomba apewe.

Kuachwa kazini kumenielemea kuliko ambavyo kufukuzwa kungenielemea. Bado nawaeleza watu maswali ya kura, na sasa kila anayeuliza namwomba anirudishie kwa maneno yake, na nangoja. Wengine wanaona nawatia aibu. Wengine, nikiingia ukumbini, wanakumbuka wana kitu jikoni. Verna na mimi tunasalimiana.

Reinhold hakuhama. Alifungua masanduku moja moja, akamwomba Colette funguo, naye akampa. Haendi tena mjini, anazunguka barabara ndogo za mashambani tu, mwendo wa trekta. Huku kwetu dereva akikutana na mwenzake huinua vidole viwili juu ya usukani, amjue asimjue. Tukipishana, Reinhold ananiinulia viwili, kama anavyomwinulia mtu wa maziwa, kama anavyomwinulia mgeni mwenye gari la namba za jimbo jirani la Minnesota. Nami naviinua vyangu, na macho nayaweka barabarani.