Kikao cha Kelele za Fundi Cheche

Karakana ya Fundi Cheche, mtengeneza milango ya chuma, ilikuwa baina ya majengo mawili yanayohitaji utulivu: shule na ukumbi wa baraza. Kila mashine yake ya kukatia chuma ilipoanza kulia, Mwalimu wa shule hiyo, ambaye ni shemejiye, alifunga kinywa na kusubiri. Na mtihani wa mwisho ulikwisha kubisha hodi. Ndipo alipopeleka malalamiko barazani.

Baraza, likiamini kwamba haraka haina baraka, lilitaka kwanza kuafikiana juu ya tunu: uhuru wa fundi kuchuma riziki, haki ya mtoto kusoma, usalama wa wote. Mjumbe mmoja akauliza uhuru ni nini hasa. Hapana aliyemsikia kwa kelele za mashine. Karani akatumwa kumwomba Fundi azime mashine mpaka waheshimiwa wamalize.

Siku hiyo darasa lilisikia hesabu za sehemu kwa mara ya kwanza.

Mola alimjaalia Mwalimu ufahamu mwepesi. Mjadala ulipoelekea ukingoni, alivuka ua wakati wa mapumziko, akauliza kwa adabu iwapo usawa nao umezingatiwa. Wajumbe walimshukuru mno; usawa walikuwa wameusahau. Kikao kikaahirishwa, mashine ikabaki kimya. Usawa ulipochakaa aliwaletea utu. Utu ulipochuja, akawatajia vizazi vijavyo, nao wakaunda kamati ndogo. Wanafunzi wakafika kwenye asilimia.

Hatimaye Fundi alimngoja langoni mwa shule.

"Shemeji, umeniweza. Leo umewapelekea nini?"

"Maslahi ya umma."

"Umma wenyewe ni nani?"

"Hilo ndilo wanalojadili."

Fundi alicheka bila furaha. Milango ya wateja imelala, akasema, na mkewe, dada wa Mwalimu, ameanza kumwita mstaafu.

"Wangenikataza, ningebisha. Hawa hawakatazi wala hawaruhusu. Nahamia nyuma ya maghala, shemeji, nikale jasho langu. Waambie wafunge mjadala."

"Nikiwaambia, wataujadili."

Fundi akahama na mkokoteni wake. Baraza lilijipongeza kwa taarifa rasmi, likasema hayo ni matunda ya mashauriano. Kisha likamwita Mwalimu aje kufafanua usawa, maana wajumbe hawakuwa wameafikiana bado. Karani alimkuta ubaoni. Mwalimu akamwambia awaombe radhi waheshimiwa, yuko kazini.

Karani hakurudi upesi. Aliketi dawati la nyuma, akasikiliza asilimia mpaka kengele ikalia.